Miguu ya Mzee Shemdoe

"Mguu ule ulikuwa wa baba yako," Mwamvita alimwambia Mwanasha, mikono kiunoni, upande wake wa ua. "Gulio zima limeutambua. Hata Wambugu walioshuka na siagi yao wameutambua."

"Shangazi, ule ulikuwa mchezo wa Mbaruku tu."

"Mchezo gani wenye mguu wa kulia unaotupwa nje hivi?" Mwamvita akautupa wake, kanga ikampepea. "Na shingo ngumu kama imebeba debe? Mimi jirani yenu mwaka wa ishirini huu. Naujua mguu huo kwa mlio tu, kabla sijamwona mwenyewe."

"Na nani kamwambia baba? Hakuwepo gulioni."

Mwamvita akageukia kuku wake. "Mimi nilimpa pole tu."

"Ulimpa pole kabla hajajua kilichompata."

"Sasa nimwache asikie kwa watu?"

Mwanasha akaingia ndani. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya baba yake kuijibu posa ya Mbaruku, iliyoletwa na baba wa kijana. Leo Alhamisi, na mzee tangu jana hajala, hajagomba, hajasema kitu. Angegomba, binti angejua pa kuanzia.

Kikundi chao kiliitwa Kimya Kingi: Mbaruku, Mwanasha, na Rubeni fundi cherehani. Watu watatu tu, walikianzisha mwaka juzi nyuma ya kibanda cha Rubeni. Walicheza bila neno hata moja, kwa kuwa gulioni yuko msemaji wa Kishambaa, wa Kimbugu, wa Kipare na makarani wa kutoka Tanga, ila mwili kila mtu anauelewa. Karani wa vibali alipotaka maneno ya mchezo yaandikwe, Rubeni alimpelekea karatasi tupu. Ikagongwa mhuri. Mwanasha, kajitanda vizuri, alipiga ngoma. Rubeni alikuwa mzigo, anapanda mgongoni kwa Mbaruku na kuzidi kuwa mzito. Mbaruku alikuwa mtu yeyote, maana macho yake yaliiba mwendo wa kila apitaye. Ndiko alikoponzeka.

Mwanasha alimkuta kibandani.

"Ulinificha," alimwambia. "Kwenye mazoezi ulitembea vingine."

"Mwendo wa mazoezi ulikuwa wa uongo. Jana Rubeni alipopanda mgongoni, mbele za watu, mwili ukautafuta wa kweli. Simjui mwingine ila baba yako anayebeba mzigo mzito bila kulalamika."

"Watu walicheka."

"Niliwasikia."

"Na mimi niliendelea kupiga, Mbaruku. Baba yangu anachekwa, mimi nampigia ngoma."

Rubeni, pini mdomoni, aliinamia cherehani kama asiyesikia. Alisikia yote, ndiyo maana nasi tunayajua.

Jioni hiyo Mzee Shemdoe alimwita binti yake. Yeye hakujua kuandika.

"Chukua kalamu. Andika: Mbaruku, kesho baada ya alasiri uje kwangu. Uje peke yako. Uje na miguu yangu, maana unayo."

Kalamu ilimgandia Mwanasha mkononi. "Niongeze salamu, baba?"

"Salamu za nini?"

Ijumaa ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mzee aliketi kigodani, kofia kichwani, fimbo magotini. Mwamvita alikuwa uani kwake, karibu kabisa na ua, akichambua maharage aliyokwisha kuyachambua asubuhi. Mwanasha alisimama nyuma ya mlango, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tembea."

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Nimekuita uombe radhi? Tembea. Toka mgomba ule mpaka mlangoni kwangu."

Mbaruku akavua viatu. Akaenda kwenye mgomba, akasimama. Kisha akaja. Mguu wa kulia ukatupwa nje, ukarudi, shingo ikakaza. Hapakuwa na ngoma wala Rubeni mgongoni, na hakuna aliyecheka.

Gulioni mchezo uliishia njiani, mtu akiangushwa na mzigo. Leo Mbaruku aliendelea mpaka chini ya upenu. Akasimama. Akainyoosha kofia isiyokuwepo. Akakohoa mara mbili, akainamisha sikio upande wa jikoni, akangoja. Akangoja tena. Mabega yakamshuka, akaugusa mwimo wa mlango.

Mzee Shemdoe alikuwa amekwisha inuka. Mama Mwanasha alipokuwa hai, mzee alikuwa akikohoa mara mbili pale kila jioni, naye mkewe akimjibu kutoka jikoni. Huu ulikuwa mwaka wa pili bila jibu.

"Hayo umeyaona wapi?"

Mbaruku alimeza mate. "Kwenye migomba yako, mzee. Nilikuwa nikija kumtazama Mwanasha akirudi na maji. Nikawa nakuona na wewe ukirudi."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

Upande wa pili wa ua, ungo wa maharage ulimwagika.

"Na gulioni, hapa mlangoni ulipaonyesha?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini? Mguu si umeuonyesha?"

"Mguu watu wote wanauona njiani, nikadhani ni wa wote. Hapo nimekosa. Lakini hapa mlangoni ni pako."

Mzee aliitazama fimbo yake. Mwanasha aliona mkono wa baba yake ukiikaza, kisha ukiilegeza.

"Mguu huu niliuvunja kwenye vita vya Mjerumani," alisema, "nikiwabebea Waingereza sanduku la risasi. Ukiucheza tena, ucheze na sanduku, watu wajue. Rubeni ni mwepesi."

"Ndiyo, mzee."

"Na Jumapili baba yako asichelewe. Sina kazi ya kungoja watu."

Akampita Mbaruku, mguu ukitupwa nje, akafika chini ya upenu. Kwa mazoea akasimama. Akakohoa mara mbili.

Ndani chungu kilikuwa kikichemka polepole. Mwanasha akauweka mwiko juu yake. Akaitika mahali pa mama yake.

"Karibu, baba."

Mzee aliinamisha kichwa, mkono kwenye mwimo. Kisha akamgeukia Mbaruku.

"Nawe umesimama hapo unangoja nini? Vaa viatu vyako, uingie tule. Makande yanapoa."