Aliyemo Ndani ya Jiwe

"Jiwe hilo litoke leo," alisema Mama Krupa. "Tangu asubuhi linagonga kioo."

"Silitoi, mama. Simtupi mnyama nisiyemjua jina."

"Wewe ni dada wa kazi au profesa?"

"Vyote viwili."

Leticia, rafiki yangu aliyeishia kidato cha pili, ndiye aliyetunza tangi la samaki wa baharini la familia ya Mama Krupa, tajiri wake, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Kila kilichokuja kimejificha kwenye mawe ya matumbawe alikitafuta jina na kukiandika daftarini: minyoo, kaa wadogo, mwani wenye vipovu vya kijani. Kilichobaki bila jina ni hicho kilichogonga kutoka kwenye tundu moja jeusi la jiwe hilo.

"Nikirudi kutoka hekaluni nilikute nje, la sivyo mtoke wote wawili," alisema Mama Krupa, akaondoka.

Leticia akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo. Jua lilipozama umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, na kugonga nako kukakoma. Kisha akasikia tone likidondoka sakafuni, na jingine, mbali kidogo. Akawasha tochi ya simu. Tundu lilikuwa tupu, na sakafu imelowa mpaka chini ya mlango.

Mlango ukagongwa, kwa mapigo yaleyale ya kioo.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

Leticia hakurudi nyuma. "Kila mtu ni mimi. Taja jina, ndipo nifungue."



"Fungua daftari kwanza, Leticia. Nitakutajia herufi moja moja, uandike."