Majani ya Jiweni, Rubafu

Yaliyompata rafiki yangu Penina kule Rubafu yanamkosesha raha hadi leo.

Alikuwa ametoka Bukoba mjini kuwasalimia wakwe, akaenda mbugani kukata majani ya kutandaza sakafuni sebuleni, kama ilivyo desturi ya huko. Kwenye mbuga hiyo limesimama jiwe refu, lililosimikwa na watu ambao hata wazee wa ukoo hawawajui.

"Usikate pale jiweni," mama mkwe alikuwa amemwonya kabla hajatoka nyumbani. "Lile jiwe halipendi watu."

Lakini majani marefu yalikuwa pale tu. Penina alipoinama na mundu, ukungu ulipanda kutoka ziwani, mchana ukawa giza. Nyuma ya jiwe akasikia mtu naye anakata: fwaa, fwaa.

"Nani hapo?"

Alipokata tena, sauti ile ya kukata ikamjibu, karibu zaidi. Kisha ikaanza kumzunguka, kwa kasi, kwa hasira, mpaka akahisi ubaridi kisogoni. Alijikunyata akisali kwa sauti.

Ukungu ulipoondoka, hapakuwa na mtu. Majani yote kuzunguka jiwe yalikuwa yamefyekwa hadi kwenye udongo na kufungwa mzigo mmoja. Mzigo huo ulikuwa umefungwa kwa msuko wa nywele zake mwenyewe.