Kibodi ya Wilmer

Mungu anisamehe, mimi Fausto niliidhinisha kazi ya Yadira bila kuisoma. Ofisini kwetu Quito, msimbo wa JavaScript, yaani maagizo yanayoendesha programu, hauwekwi hewani mpaka mwenzako aukague, na ule ulikuwa wa kupanga zamu za wagonjwa wa figo kusafishwa damu.

"Umesoma kweli, au njaa imekusomea?" Yadira alinitania.

"Nimesoma, dada. Uweke hewani!" Nikatoka kwenda kula.

Yadira alinisimulia baadaye kwamba alipobaki peke yake, kabla hajauweka hewani, umeme ulikatika. Chumba kile hakina dirisha. Ndani ya giza akasikia vitufe vya kibodi vikigongwa taratibu, tak, tak, kwenye meza ya Wilmer, mkaguzi wetu tuliyemzika mwezi wa tatu.

"Fausto, acha mzaha wako bwana!"

Vitufe vikaendelea.

Umeme uliporudi, hapakuwa na mtu, na waya wa kibodi ile ulikuwa umeviringishwa kama tulivyouacha, haujachomekwa popote. Lakini kwenye skrini ya Yadira idhini yangu ilikuwa imefutwa, na chini yake palikuwa na maneno yenye jina la Wilmer: "Mstari wa arobaini unafuta zamu za wagonjwa. Fausto hakusoma."

Yadira akafanya ishara ya msalaba, akaigusa kibodi. Ilikuwa na joto.

Tafadhali, ukipewa kazi ya mwenzako uikague, isome.