Akaunti ya Marehemu

Ghorofa ya mafundi ilikuwa imefurika siku hiyo. Watu walisukumana kwenye ngazi na redio mbovu, pasi na feni, na katikati yao mshonaji mmoja alikuwa anapanda na sipiyu ya kompyuta yake, aliyoifunga kwa shuka na kuikumbatia kifuani. Alivaa gauni la manjano, la kwanza lenye rangi tangu mumewe afariki. Alipotoka nyumbani, mama mkwe wake alilisindikiza gauni hilo kwa macho mpaka mlangoni.

"Dada, huyo mtoto amelala au amezimia?"

Aliyeuliza alikuwa fundi kompyuta, mwembamba, shati la bluu lililonyooka kwa pasi, bisibisi imechomoza mfukoni.

"Amezimia," mshonaji akajibu. "Nikitafuta mtandaoni mishono ya mikono ya gauni, ananipeleka kwenye kamari. Nikiuliza bei ya zipu, ananiletea dawa za nguvu za kiume. Jana mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu."

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Akasemaje?"

"Aliniuliza hizo dawa ni za nani. Mimi mjane!"

Fundi aliifungua sipiyu, akaiunganisha na skrini yake. "Huyu ni kupe," alisema. "Amejibandika kwenye programu yako ya mtandao. Kila swali unalouliza, kwanza analipeleka kwa bwana wake." Alimtoa, akarudisha ukurasa wa kutafutia kama ulivyokuwa. Kisha akaona jina la mwanamume juu ya skrini.

"Mume wangu," mshonaji akasema. "Akaunti ni yake."

"Pole," fundi akasema, na hakuchimba zaidi. Wanaume wengine wangeanza kuuliza alikufaje na aliacha nini. Hapo ndipo moyo wa mshonaji uliposogea, kama unataka kujua.

Wiki haijaisha, kupe akarudi.

"Daktari, mgonjwa wako amezidiwa," mshonaji alimwambia fundi kwenye simu.

"Mgonjwa au mwenye mgonjwa?"

"Shika adabu yako. Njoo umwone."

"Nakuja, Bi Sindano. Niambie tu, umevaa lile la manjano?"

Alikata simu akicheka peke yake, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. Fundi akaja, akamtoa kupe, akaenda zake. Kupe akarudi. Fundi akaja tena. Kila mara walicheka kwa sauti ya chini, kwa sababu mama mkwe aliketi sebuleni akitazama mlango, na juu ya kompyuta ilining'inia picha ya marehemu.

Hakuna aliyemfungia mshonaji ndani. Mama mkwe alimpenda. Alimwamsha kwa chai, alimkanda mgongo akichoka na cherehani. Ila akitoka lazima aseme anakwenda wapi, na akirudi aseme kwa nini amechelewa. Mtaani hana jina, ni mke wa marehemu. Ungemwachaje mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, naye hajakukosea kitu? Upendo ule ndio uliokuwa kufuli, na mshonaji alikuwa anakosa hewa.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia siku moja, "mchawi na mganga ni mtu mmoja. Akija ugonjwa unaisha, akiondoka unarudi. Hulioni hilo?"

Aliliona, na likamchoma. Alimpigia fundi palepale.

"Niambie kweli. Wewe ndiye unayemrudisha huyu kupe?"

"Nimrudishe ili iweje?"

"Ili upate sababu ya kuja."

"Nikitaka kukuona nitabisha hodi, si kuharibu kazi yako. Sikiliza. Nadhani kuna kompyuta nyingine imefunguliwa kwa akaunti hiyohiyo, na kupe anaishi huko. Nikimtoa kwako, akaunti inamleta upya. Toka humo, ufungue akaunti yako, kwa jina lako."

"Hakuna kompyuta nyingine. Sema tu unataka nimfute mume wangu!"

"Mimi nimesema hivyo?"

"Usinipigie tena."

Na kweli hakupiga. Mshonaji akabaki na cherehani yake na mashine isiyompeleka popote anapotaka. Wateja wakaanza kununa. Siku moja, nyumba ikiwa kimya, aliandika: *mjane anaweza kuanza upya?* Yakaja matangazo ya matairi. Alicheka, kisha akalia hadi kitambaa alichokuwa anakata kikalowa.

Kwa hasira akaanza kubonyeza huku na kule ndani ya akaunti, mpaka akafika mahali panapoonyesha imefunguliwa kwenye vifaa gani. Vilikuwa viwili. Kimoja ni hiki cha mbele yake. Cha pili kilikuwa kinatumika wakati huohuo.

Na kabla hajavuta pumzi, akasikia kicheko cha mumewe kikitoka chumbani kwa mama mkwe.

Alisukuma mlango. Mama mkwe alikuwa kitandani, magotini ameweka laptop ya marehemu ambayo mshonaji alidhani iliuzwa zamani. Kwenye video marehemu alikuwa anacheka, na pembeni matangazo ya kamari yakimetameta.

"Picha zilikuwa zinachelewa kufunguka," mama mkwe alisema kwa sauti ya mtoto aliyefumaniwa. "Ikatokea alama inayosema bonyeza hapa ziende haraka. Nikabonyeza."

"Kwa nini hukuniambia unayo, mama?"

"Ungeichukua. Kisha nawe ungeondoka, nibaki na nini?" Machozi yakamtoka. "Yule fundi nilimsingizia, mwanangu. Nilisikia anavyokuchekesha, nikaogopa."

Mshonaji aliketi pembeni yake. Wakaitazama video ile pamoja, wakalia pamoja, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu maziko. Kisha akachukua simu.

"Si ulisema tusipigiane?" fundi akauliza.

"Nilikukataza wewe. Mimi sijajikataza. Kupe amepatikana. Nilikukosea sana, Daktari. Nisamehe."

"Nilishakusamehe, nilikuwa nasubiri simu tu. Yuko wapi huyo kupe?"

"Chumbani kwa mama mkwe."

"Huko siingii!"

Fundi alipofika, laptop ikaletwa sebuleni. Alizuia kwanza akaunti isihamishe vitu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, akamng'oa kupe kwenye kompyuta zote mbili, akahifadhi picha na video zote ndani ya laptop ili mama azione hata bila mtandao. Halafu akamwachia mshonaji kiti.

"Andika jina lako."

Vidole vilisita. Kisha akaandika jina alilopewa na wazazi wake, na kompyuta ikamkaribisha kwa jina hilo. Akatafuta mikono ya gauni. Ikaja mikono ya gauni, mifupi, mirefu, yenye marinda, na yeye akapiga kigelegele kama harusini.

Fundi alifungasha vifaa vyake, akafika mlangoni, akageuka.

"Mama, nina neno. Najua posa hupelekwa kwa wazazi wa mwanamke, na wewe ni mama wa mume. Lakini huyu anakuita wewe mama. Sijui mlango mwingine wa kubisha."

"Unaniuliza mimi? Nimemjibia ya kutosha humu ndani. Muulize mwenyewe."

Fundi akamgeukia mshonaji.

"Mama hatumwachi peke yake," mshonaji akasema.

"Nani kasema tumwache?"

"Basi nakubali."

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Fundi bado alikuwa amesimama, mkoba begani, hajui aingie au atoke.

"Ingia ukae," mama akamwambia. "Mkwe hasimamishwi mlangoni."