Mlango Usioelewa "Karibu"

Kila siku ya shule Dorine alikuwa na kazi tatu za asubuhi: kufagia uwanja, kuchemsha uji wa ulezi, na kumpelekea Bibi Walburga kikombe chake chumbani. Bibi alikuwa mama yake baba. Alikuwa amehamia kwao, mtaa wa Ruhuwiko mjini, kutoka kijijini tangu goti lake la kulia lilipoanza kumsumbua, na macho nayo yakaanza kuona mambo kwa ukungu.

"Mke mwenzangu, uji wa leo una sukari au una hadithi ya sukari?" Bibi aliuliza asubuhi hiyo kwa utani wa bibi na mjukuu, kama alivyouliza asubuhi zote.

"Una sukari, Bibi. Koroga."

Dorine alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba. Baba yake, Yohanes, alikuwa mpima ardhi, na wiki nyingi alilala Tunduru au Namtumbo. Mama yake alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni Majengo. Kwa hiyo, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Bibi alibaki nyumbani peke yake.

Mwezi uliotangulia Bibi aliteleza bafuni. Alikaa sakafuni muda mrefu, akisali rozari, mpaka Dorine aliporudi kutoka shuleni na kumwinua. Jioni ile Baba hakumaliza chakula chake. Alisema, "Nyumba hii lazima iwe na vifaa vya kumsaidia mama yangu. Siku hizi kuna taa zinazowaka zenyewe, kuna vitasa vya namba, kuna spika unaziongelesha. Vifaa janja."

"Janja?" Bibi alidakia. "Yohanes, wajanja niliowajua mimi wote walikimbia na kuku wa watu. Unataka kuniachia mjanja ndani ya nyumba?"

Wote walicheka. Lakini Baba hakuwa na mzaha. Alikwenda kwa fundi Polikarp, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya umeme Majengo, akarudi na karatasi yenye maswali matano. Fundi Polikarp alikuwa na utaratibu wake: hakuuza wala kufunga kifaa chochote kabla karatasi ile haijajazwa.

Baba alimkabidhi Dorine. "Wewe ndiye unayekaa na bibi yako kuliko sisi wote. Kesho naondoka alfajiri. Keti naye, muulize swali moja moja, andika anachosema yeye. Kisha mpelekee fundi."

"Sawa, Baba."

Dorine aliyasoma maswali akiwa kitandani. Anayetumia kifaa anaongea lugha gani? Akianguka, kwa kawaida anakuwa sehemu gani ya nyumba? Nani huingia nyumbani mchana, na kwa mlango upi? Yalikuwa maswali ya kawaida tu. Tatizo ni kwamba Dorine alikuwa tayari na jibu lake. Kwao Aidan, aliyekaa naye dawati moja, kulikuwa na spika ya kuongea. Ukiiambia iimbe, inaimba. Ukiiuliza saa, inakujibu. Aidan aliitaja karibu kila mapumziko, na kila akimaliza alimgeukia Dorine: "Nyie kwenu mna nini? Redio ya bibi?"

Siku iliyofuata Dorine alipita dukani kwa fundi kuuliza bei ya betri, akauliza na habari za spika. Kijana wa dukani alimwambia kwamba ile iliyopo inaelewa Kiingereza tu. Dorine alirudi nyumbani akifikiri. Bibi alikuwa ameketi ukumbini akichambua maharage. Ingekuwa rahisi kabisa kuketi pale pembeni na kuuliza. Badala yake Dorine aliingia chumbani, akafunga mlango, akashika kalamu.

Kwenye lugha aliandika: *Kiswahili na Kiingereza kidogo.* Alijiambia kwamba si uongo mkubwa, maana Bibi aliwahi kusoma kwa masista na alijua kusema "gudi moningi". Kwenye swali la anayeingia mchana aliandika: *Hakuna.* Hilo aliliandika haraka tu ili amalize. Alimaliza yote matano kabla maji ya chai hayajachemka.

Usiku Baba alipiga simu. "Umemuuliza bibi yako?"

"Ndiyo, Baba. Amesema ni sawa."

"Vizuri. Nakuamini."

Wiki moja baadaye fundi Polikarp alikuja kufunga vifaa. Kwa kuwa karatasi ilisema Kiingereza kidogo, spika ikakaa sebuleni. Na kwa kuwa karatasi ilisema hakuna mtu anayeingia mchana, mlango wa nyuma uliwekwa kitasa kinachojifunga chenyewe na kufunguliwa kwa namba ya siri. Namba ile waliijua Baba, Mama na Dorine.

Kilichosahaulika ni Mama Kassimu.

Mama Kassimu alikuwa jirani, mzaliwa wa Tunduru, aliyekaanga vitumbua na kuviuza asubuhi. Kila siku saa sita, akishaosha vyombo vyake, alikatiza uwanjani, akasimama mlango wa nyuma na kupiga hodi. Bibi alijibu "Karibu!" bila kuinuka, naye akausukuma mlango na kuingia. Walikunywa chai. Mmoja alimtaja Bikira Maria, mwingine alimshukuru Mwenyezi Mungu, na wote wawili waliwasengenya kidogo wauza nyanya. Dorine hakumkuta hata siku moja, kwa sababu saa sita alikuwa shuleni. Angejua kama angeuliza.

Sasa hodi ilipopigwa, "karibu" peke yake haikutosha. Ilibidi Bibi ainuke, ashike ukuta, aburute goti lake mpaka mlangoni. Hakumwambia mtu. Alidhani ndivyo nyumba za kisasa zilivyo.

Jumatano, kipindi cha Hisabati, mlango wa darasa ulifunguliwa bila kubishwa. Mama Kassimu alisimama pale akihema, kanga yake imemwanguka mabegani.

"Mwalimu, nisamehe. Namtaka huyu mwenye namba!"

Dorine aliruka kutoka kwenye dawati, wakakimbia wote wawili. Mama Kassimu alieleza vipande vipande njiani: amepiga hodi, Bibi amejibu karibu, kisha amesikia kishindo. Mama yake Dorine hapokei simu, pengine kelele za sokoni. Mlango wa mbele umefungwa, madirisha yana nondo. "Na kuna mtu anaongea Kizungu humo ndani, Dorine! Bibi yako analia, yeye anaimba!"

Kweli, hata kutoka uwanjani muziki ulisikika. Bibi alikuwa amejaribu sentensi aliyofundishwa na Dorine ya kumpigia Baba simu. "Kolu Yohanesi," alisema. Spika ikamjibu kwa upole, kwa Kiingereza, kwamba haikuelewa. Bibi akarudia kwa Kiswahili. Mwisho akasema kwa Kingoni, lugha yake ya kijijini, kwa sauti ya kuomba, na spika ikaona anataka wimbo.

Dorine alibonyeza kwa haraka. Alikosea namba mara mbili. Mara ya tatu kitasa kikalia *tii* na mlango ukafunguka.

Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye korido, hatua nne tu kutoka mlangoni. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Mke mwenzangu, umekuja?" alisema taratibu. "Nimesema karibu, karibu, mpaka koo limekauka. Mlango huu haujui karibu."

Dorine alipiga magoti akamshika mkono.

Kwenye zahanati walimfunga Bibi bendeji. Mfupa ulikuwa mzima. Mganga alisema apumzike wiki mbili.

Kesho yake jioni Baba alifika kutoka Tunduru na vumbi lake, akamwita fundi Polikarp. Kabla fundi hajakaa vizuri kwenye kiti, Baba alianza.

"Fundi, mimi nilikuja kwako kwa sababu watu wanakusifu. Umemfungia mama yangu ndani kama mfungwa! Umempa mashine asiyoelewana nayo! Majengo nzima itajua kazi yako ilivyo."

Fundi Polikarp alivua kofia yake. "Mzee Yohanes, mimi nilifuata karatasi. Ninayo hapa." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

Dorine alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Angeweza kuondoka kimya kimya kabla karatasi haijakunjuliwa. Alimtazama fundi, mtu mzima wa makamo akitafuta maneno ya kujitetea kwa kosa asilolifanya.

"Baba," alisema, "si fundi. Ni mimi. Sikumuuliza Bibi. Niliandika mwenyewe."

Fundi aliutoa mkono mfukoni bila karatasi.

"Uliniambia umemuuliza," Baba alisema.

"Nilidanganya. Nilitaka spika kama ya kina Aidan." Machozi yalimtoka. "Fundi, naomba unisamehe. Bibi, nisamehe."

Baba alimtazama Dorine. Kisha alimgeukia fundi. "Samahani, Polikarp. Nilikuwa tayari kulichafua jina lako."

"Yameisha," fundi alisema. Aliweka karatasi mpya mezani na kumtazama Dorine. "Lakini hii haijaisha. Kaa hapo. Uliza."

Dorine akaketi miguuni pa Bibi, akauliza swali moja moja. Bibi alikuwa na majibu mengi. Alieleza kwamba taa ya korido inayowaka mtu akipita ingemfaa, maana swichi haioni. Mlango wa nyuma uwe na komeo la kawaida, na mchana liachwe wazi. Na kama kuna kengele ndogo ya kubonyeza, ilie kwa Mama Kassimu, na kitufe chake yeye Bibi atakivaa shingoni pamoja na rozari. "Huko mkono wangu unajua njia," alisema.

"Kengele hiyo ipo," fundi alisema. "Inatumia betri, umeme ukikatika inafanya kazi vilevile. Haina makuu. Dorine, sikiliza. Kifaa hakina akili ya kuzidi majibu tuliyokipa. Ukiandika hakuna mtu, kitafunga mlango, hata kama mtu yuko nje anapiga hodi. Usiandike kamwe jibu la swali ambalo hukuliuliza. Huo ni uongo kama uongo mwingine, na anayeumia huwa si karatasi."

"Ndiyo, fundi," Dorine alijibu.

Jumamosi asubuhi kitasa cha namba kiliondolewa na kengele ikafungwa. Bibi aliibonyeza kuijaribu. Baada ya muda mfupi nyayo zilisikika zikikatiza uwanja mbio mbio.

"Hodi! Kuna nini tena?"

"Hakuna kitu, najaribu tu!"

"Mara ya tatu hii, Bibi Walburga! Vitumbua vyangu vinaungua!"

"Basi karibu," Bibi alisema bila kuinuka, na mlango ukafunguka.