Aliyeitikia Korongoni

Asubuhi ile Melitón aliisifia supu, na Nikasia akajua kuna kitu hakiko sawa.

Supu yenyewe ilikuwa ya shayiri na viazi, ile ile ya kila safari, na kwa haraka ya kuwawahi wageni alikuwa amesahau hata kuitia chumvi. Wageni waliionja, wakakunja nyuso, wakaulizana kwa macho. Melitón alilimaliza bakuli zima akiwa amesimama, akajifuta mdomo kwa ukingo wa poncho, joho lake la sufi, akasema, "Tamu, mke wangu. Niongeze."

Mke wangu! Tangu wamzike binti yao Luzmila, mwaka jana wakati wa jalidi, mwanamume huyu hakuwa amemwambia mkewe neno zaidi ya "kamba" na "maji" na "twende". Maneno mazuri aliwawekea nyumbu wake wa mizigo. Si kwamba Nikasia alimlaumu. Yeye mwenyewe tangu siku ile alikuwa amekufa ganzi. Alipika, alifua, alipanda na kushuka milima na wageni waendao kuuona mji wa kale wa Wainka, na ukimuuliza kama amechoka, hakujua.

"Leo shemeji kaamka na ulimi," alisema Fortunato, mwongoza wageni, ambaye alikuwa binamu yake Nikasia na hakuweza kunyamaza hata akiwa anapumua kwa shida. "Umempikia nini, dada? Niambie nikamwambie mke wangu, ila yeye nataka anyamaze."

"Roho yake imerudi," alijibu Nikasia akisugua sufuria. "Nilimwita jana."

Jana yake, kwenye njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa korongo, nyumbu wa mbele aliteleza akamvuta Melitón pamoja na kamba. Melitón alinaswa na jiwe chini kidogo ya njia. Nyumbu aliendelea, na walimsikia akiendelea kwa muda mrefu kuliko mtu angependa kusikia. Walipomvuta Melitón juu hakuwa na mchubuko, lakini macho yake yalikuwa matupu, na ukimsemesha alikutazama kama dirisha. Huko kwao hata mtoto anajua maana yake: hofu imemtoa mtu roho, na roho imebaki imekaa pale pale ilipotolewa, haijui njia. Basi anayempenda huchukua kofia yake, hurudi mahali pale, huipunga na kumwita kwa jina, njoo, twende nyumbani, usikae hapa peke yako, mpaka kitu kiitikie.

Nikasia aliita. Ukungu ulikuwa umefunga korongo lote, hata mkono wake wenye kofia hakuuona vizuri. Na kitu kikaitikia. Ulikuja upepo mwembamba wenye harufu ya ghala lililofungwa miaka mingi, ukaingia ndani ya ile kofia, kofia ikawa nzito kidogo. Jambo moja tu lilimpita asilitilie maanani. Melitón aliangukia chini ya njia, na upepo ule ulitoka juu.

Siku hiyo ya supu walipanda kuelekea kipitio cha mlima, na Melitón hakuacha kuongea. Aliongea habari za mahindi, habari za paa lao linalovuja, na alimtania Fortunato kuhusu tumbo lake mpaka wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Lakini nyumbu hawakumkubali. Kila alipowasogelea walirudi nyuma wakitoa weupe wa macho, na yule jike mzee, aliyezoea kulala amemwegemea, alimpiga teke. Melitón hakuudhika. Hakuonekana hata kuumia.

Juu kabisa, ambako kila mpita njia huweka jiwe na kuiamkia milima, yeye alipita bila kugeuza shingo. Jua lilipopasua mawingu alivuta kofia mpaka puani akatembea upande wenye kivuli. Walipopumzika, Nikasia alikuwa anaepua viazi. Melitón aliingiza mkono kwenye maji yanayochemka, akachagua kiazi kwa utulivu kama anayechagua sokoni, akakitoa, akakimenya, akamkabidhi mkewe.

"Kula. Umekonda."

Ngozi ya mkono wake ilikuwa nyekundu, ikianza kutoa malengelenge. Nikasia aliutazama mkono ule, akautazama uso uliokuwa ukitabasamu, na ilimpasa apige yowe. Alikula kile kiazi.

Jioni, hemani, Melitón alimkumbuka Luzmila. Alianza bila kuulizwa. Alisema alivyokataa kusukwa nywele na mtu yeyote isipokuwa mama yake, alivyomwibia bibi yake jibini akamsingizia paka, alivyokuwa akilala mdomo wazi. Kwa mwaka mzima jina hilo halikutajwa nyumbani mwao. Nikasia alilala akimsikiliza, mgongo wake ukiwa umegusa kifua cha mumewe, na kifua kile kilikuwa baridi kama ukuta wa nje. Asubuhi vidole vya miguu vya Nikasia havikuwa na hisia mpaka alipovisugua kwa theluji.

Walifika kwenye mji wa kale mchana. Fortunato aliwapanga wageni uwanjani akaanza kuwaeleza mawe, na Nikasia akatafuta mahali pa kuwashia jiko asipokatazwa. Alipogeuka, Melitón hakuwepo. Alimkuta nyumba ya tatu, ndani ya shubaka la ukutani ambalo hata mtoto angejibana kuingia, amekaa amekunja magoti mpaka kidevuni, mikono imeikumbatia miguu, kofia imefunika macho, vile vile kabisa walivyokuwa wakifungwa maiti wa zamani kabla ya kuwekwa mapangoni. Mgeni mmoja alikuwa anampiga picha.

"Toka huko, shemeji," alisema Fortunato aliyekuwa ameingia nyuma yao, sauti ikiwa imemshuka. "Toka bwana, usitutanie hivyo."

"Hapa palikuwa na joto," alisema Melitón kutoka ukutani. "Kabla ya jua."

Fortunato alimshika Nikasia mkono akamtoa nje mpaka nyuma ya ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Nikasia alimwona hana mzaha.

"Ulimwita wapi?"

"Pale pale alipoangukia."

"Ulitazama juu kwanza?"

Nikasia aliinama akafunga kamba ya kiatu.

"Dada, nakuuliza. Ulitazama juu kabla hujaita?"

"Kulikuwa na ukungu."

"Mama yangu!" Fortunato alijipiga paji la uso. "Juu ya jiwe lile kuna nyumba za wazee wa kale. Zile nyekundu, ndani ya mwamba. Unapita chini yake kila safari, Nikasia! Umesimama mlangoni kwao na kofia ya mtu mkononi, unaita njoo twende nyumbani. Ungekuwa wewe umekaa humo tangu dunia haina jua, usingeitika?"

Kila mtu huko anawajua wazee wa kale. Waliishi kwa mwanga wa mwezi, na siku jua lilipochomoza mara ya kwanza liliwakausha wakiwa wamejificha mapangoni, na hawakufa sawasawa. Chumvi hawaigusi, na kinachowakosesha usingizi ni joto. Hawana lao, basi hulitafuta kwa walio nalo, na wanapolipata hulinywa polepole. Ndiyo maana mama humfundisha binti yake, kabla ya kumwita mtu aliyetolewa roho, kuinua macho kwanza aone ni nani wengine wanaosikia. Nikasia alifundishwa. Alisahau, kwa sababu siku hizi alifanya kila kitu kama anayefanyia mtu mwingine.

Waliporudi walipiga kambi nyumbani kwa Bibi Asunta, ajuza anayeuza pombe ya mahindi kwenye kona ya mwisho kabla ya ile njia nyembamba, na ambaye watu hupanda kwake na magonjwa yasiyo na jina hospitalini. Bibi alimwona Melitón akiingia uani, akaacha kumimina pombe. Mbwa wake wawili walitoka kwa mlango wa nyuma wakaenda wasionekane tena siku ile.

"Karibu, baba," alisema Bibi. "Kula chumvi kidogo, umetoka mbali."

"Nimeshiba, mama," alijibu Melitón kwa adabu, akaenda kukaa kivulini.

Bibi alimvuta Nikasia jikoni, akatandaza majani ya koka juu ya kitambaa, akayapulizia pumzi, akayatazama, akayakunja haraka kana kwamba yamemwonyesha uchi wa mtu. Kisha akazishika mbavu za Nikasia, shingo yake, viganja vyake.

"Umelala naye?"

"Ni mume wangu, bibi."

"Mumeo yuko kwenye jiwe. Amekaa, anasikia baridi, anangoja sauti yako. Huyu uliye naye umemkaribisha mwenyewe, kwa hiyo mimi siwezi kumfukuza. Lakini mwenye mwili akija, mgeni hutoka. Kesho mkifika pale, shika kofia, elekeza uso chini kwenye jiwe, ita. Huyu akikusemesha usimjibu." Alikaza viganja vya Nikasia ndani ya vyake. "Na leo lala hapa jikoni karibu na moto. Umeshaanza kupoa, mwanangu. Mtu akipoa kabisa haoni sababu ya kumwita mtu, hata awe nani. Unanielewa? Hapo ndipo wanapotaka kukufikisha."

"Naelewa, bibi," alisema Nikasia, na alielewa kweli. Alijua pia kwamba anatakiwa kuogopa. Aliitafuta hofu ndani yake jinsi mtu anavyotafuta kibiriti gizani kwa kupapasa, akakuta nafasi tu.

Alilala karibu na moto. Kiza kilipokuwa bado hakijakolea, sauti ya Melitón ilipita ukutani, ya chini, haina haraka. Ilikuwa inasimulia siku ile Luzmila alipojaribu kumpanda kondoo. Hadithi hiyo Nikasia alikuwa ameisahau. Ilipofika pale mtoto anapoanguka, sauti ikanyamaza, na Nikasia akangoja, akangoja tena, kisha akabeba blanketi lake akatoka kwenda kusikia mwisho.

Asubuhi anga ilikuwa safi. Walipofika kwenye njia nyembamba Fortunato aliwazuia wageni nyuma kwa kisingizio cha kukagua kamba, akamkonyeza Nikasia, akajifanya anapiga miluzi. Midomo yake haikutoa mluzi wowote. Juu ya njia, ndani ya mwamba, nyumba nyekundu zilionekana moja moja, na mlango wa mojawapo ulikuwa wazi. Chini lilikuwa jiwe. Nikasia alimvua Melitón kofia, na Melitón hakumzuia. Alisimama na mgongo wake kwenye mwamba, akifinya macho kwa sababu ya jua, na ngozi ya uso wake ilikuwa imeanza kukauka na kushika mifupa.

"Mwite," alisema kwa upole. "Ni haki yake. Atakuja, mtaenda nyumbani, atakaa upande wake wa jiko na wewe upande wako. Jina la mtoto halitatajwa tena mpaka mmoja wenu afe."

Nikasia hakujibu, kama alivyoagizwa. Aligeuza uso chini, na kweli mumewe alikuwa pale. Hakumwona, lakini harufu ilimfikia, jasho la nyumbu na moshi na koka iliyotafunwa, harufu ya miaka kumi na minne ya kitanda kimoja, na alijua kwamba akifungua mdomo tu na kutamka jina lile atampata mwanamume yule mzima, na ukimya wake, na mikono yake iliyochimba kaburi la mtoto peke yake kwa sababu hakutaka mwingine aguse ule udongo, na alijua kwamba hili ndilo jambo ambalo mke hufanya, na akafungua mdomo, na akasubiri ile sababu ya kuita ipande kutoka kifuani, na kifua kilikuwa shwari, mguu uliolaliwa usiku kucha una uhai zaidi, na jua lilikuwa linapanda, na Fortunato alikuwa anakohoa, na wageni walikuwa wameanza kuuliza.

Akageuka.

"Alianguka kutoka kwa kondoo," alisema. "Halafu?"

Melitón alitabasamu. "Halafu akainuka, akamzaba kondoo kofi."

Nikasia alimrudishia kofia kichwani, akamfunga vizuri kamba za masikio, akashika hatamu ya nyumbu wa mbele.

"Umemwita?" Fortunato aliuliza kwa kunong'ona alipowafikia.

"Nimemwita."

"Ameitika?"

"Twende, Fortunato. Wageni wana gari la kuwahi."

Walikuwa wameshazunguka kona ya kwanza sauti ilipopanda kutoka chini ya njia. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kutumia koo, na nyumbu wote walisimama wakaelekeza masikio huko.

"Mama Luzmila," ilisema. "Mama Luzmila, nipo hapa. Usiniache."

Hakuwa amelitamka jina hilo tangu mazishi. Fortunato alimgeukia binamu yake, uso umemsawajika, machozi yakimlengalenga. Nikasia alisikia, alilitambua kila neno. Alisimama kidogo akingoja moyo umshtuke, akawapa nyumbu muda wa kupumua, kisha akawaswaga waendelee kushuka.