Nilichukua Mbwa Ili Geti Langu Lisiwe la Uongo

Mwaka wa 2021, wakati shida hii ilinianza, nilikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, na nilikuwa nimemaliza miaka ishirini bila kuomba mtu yeyote hata chumvi. Jueni hivyo kwanza, wasomaji wenzangu, ili msinisome kama mtu aliyezoea kulialia.

Shule niliachia darasa la tatu. Nilikuja Isiolo kutoka upande wa Maua na kikapu cha miraa kichwani na mtoto mgongoni. Miraa ikanipa plot, kiwanja changu mwenyewe. Plot ikanipa vyumba vinne vya kupangisha. Vyumba vikanipa friza mbili kubwa. Na friza ndizo zilinifanya niitwe mtu katika mji huu.

Kwa nini? Kwa sababu wale akina mama wanaouza maziwa ya ngamia waliyaweka kwangu. Walikuwa kumi na mmoja, Waborana na Wasomali. Asubuhi maziwa yalishuka kutoka Kulamawe na kwingine kwa mitungi ya plastiki, wakayapima, wakayapoesha kwa friza zangu, kisha yakapanda basi kwenda Nairobi. Mitungi ikirudi tupu waliiosha, wakaifukiza moshi wa mti wao fulani, wakaipanga juu ya mbao uwanjani kwangu ikauke. Miaka saba! Miaka saba bila neno baya kati yetu.

Mkubwa wao alikuwa Mama Guyo, Mborana mrefu, mwenye sauti ya chini. Mume wangu alipofariki, huyo mama alikaa na mimi siku zote za matanga. Hakuwa wa kabila langu wala wa dini yangu. Alikaa tu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipoingilia.

Nilipojenga geti, fundi wa rangi aliniuliza kama aandike MBWA MKALI. Nikamwambia andika, tena kubwa. Mbwa sikuwa naye! Nilitaka tu wezi waogope. Lakini mji huu hauna siri... Ng'ambo ya barabara kuna muuza makaa anaitwa Baba Kinoti, mdomo wake haujui kupumzika. Kila akipita alibweka.

"Hou! Hou! Mama Nkatha, mbwa wako leo amelala?"

Akina mama wa maziwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka na meno tu. Moyoni ilinichoma. Mimi, niliyejenga kwa mikono yangu, niambiwe geti langu ni la uongo?

Ndipo Mwalimu Wanjiru akapata uhamisho. Alikuwa jirani yangu, yeye na binti yake mdogo, na walikuwa na mbwa anaitwa Kapteni. Mkubwa, rangi ya udongo, kifua kama cha ndama. Nairobi alikoenda alikuwa amepata nyumba ya ghorofa ambayo hawakubali mbwa. Nikasikia. Nikaenda mbio kumwambia nitamchukua mimi.

Mwalimu hakunipa hapo hapo. Alinikalisha chini, akaanza kuniuliza. Huyu mbwa nitamfungua saa ngapi? Nikisafiri atabaki na nani? Daktari wa chanjo namjua? Wale mama wa maziwa nimewauliza?

Nilikasirika! Aliniuliza kama mtu anayeniandika kazi. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimelea watoto wanne, ng'ombe, mbuzi na kuku, na hakuna mtu aliniuliza swali hata moja. Mbwa ni nini?"

Binti yake alimkumbatia yule mbwa shingoni, hakutaka kumwachilia. Mwalimu akaniambia polepole, "Huyu amezoea watu, Mama Nkatha. Usimwache peke yake."

Nikasema ndiyo, ndiyo. Nilikuwa tayari nimeshika mnyororo.

Siku ya kwanza nilimpitisha mbele ya Baba Kinoti kama mtu anayepitisha gari mpya. Nikamngojea abweke. Jamani... Kapteni alimwendea Baba Kinoti akamlamba mkono!

"Huyu ndiye mkali?" Baba Kinoti akaanguka kicheko. "Mama, huyu ni wa kubeba Biblia!"

Aibu niliyosikia siku hiyo ndiyo ilimaliza yule mnyama. Nasema ukweli. Kwa sababu Baba Kinoti huyo huyo aliniambia dawa ya mbwa mpole ni kumfunga mchana kutwa asione watu, na kumwekea pilipili kwa chakula. Nilifanya hivyo. Nilimfunga kwa nguzo ya tanki la maji, kwa kona, mnyororo wa hatua tatu. Nikamwekea pilipili kwa ugali. Alikuwa anakula huku macho yanatoa machozi, kisha ananitingishia mkia...

Je, alikuwa mkali? Hapana. Alikonda tu.

Wiki ya pili Mama Guyo alikuja kwangu kwa adabu, tukakaa chini. Hakupiga kelele. Aliniambia hawachukii mbwa, hata mifugo yao huko malishoni ina mbwa. Lakini mbwa na chombo cha maziwa hawawezi kukaa uwanja mmoja. Kwao chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa mchanga. "Jenga banda huko nyuma, weka na ua," akasema. "Sisi tutakusaidia na mbao."

Nikasema nitajenga Jumamosi.

Ni Jumamosi ngapi zilipita, wasomaji? Sikuhesabu. Kila mara nilikuwa na kazi. Na tena, niseme tu, sikupenda kuambiwa la kufanya kwa plot yangu.

Mwezi wa tatu wa kukaa naye, dada yangu akafiwa huko Maua. Nilifunga safari ya siku mbili. Nilimwekea Kapteni karai ya ugali na ndoo ya maji. Sikuomba mpangaji amwangalie, kwa sababu mimi si mtu wa kuomba. Sikumwambia Mama Guyo, kwa sababu angeniuliza banda liko wapi. Siku mbili zikawa nne.

Niliporudi, nilipata mkokoteni umesimama ndani ya geti langu, na akina mama wanapakia mitungi. Hakuna aliyekuwa anacheka. Kapteni alikuwa kwa tanki, amefungwa upya kwa kamba.

"Mama Guyo, ni nini hii?"

"Ni maziwa yetu inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Mahali haina mbwa."

Kumbe ndoo aliipindua na mnyororo siku ile ile nilipotoka! Alikaa na kiu kwa jua la Isiolo, wapangaji na akina mama wakidhani nimemwachia mtu, na mnakumbuka ule ukame. Shingo ilikuwa imekonda, siku ya tatu kichwa kikapita kwenye mkanda. Alfajiri akina mama walifungua geti, wakashusha maziwa, wakigeuka wakamkuta ametumbukiza mdomo kwa ndoo ya maziwa, na mitungi yote ya pale chini ameilamba. Maziwa yote ya siku ile waliyamwaga. Mitungi ilitaka kuoshwa mara saba, wakati maji yenyewe tunayapigania kwa foleni.

Nilianza kumtukana mbwa. Nikaokota fimbo. Mama Guyo akashika ile fimbo mkononi mwangu, akaitupa juu ya paa, akaenda na mkokoteni wake.

Nikabaki na friza mbili zinanguruma bure.

Msomaji mwerevu anafikiri hapo nilijilaumu. Wapi! Nilisema ni huyu mbwa. Mbwa ndiye ameniharibia. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na lori la kubeba mbuzi linaenda Kipsing, mbali huko kwa wafugaji, dereva namjua. Nikamwambia amshushe hukohuko, kuna maboma mengi, mtu atamtaka. Dereva akaniuliza, "Ni ya nani huko?" Nikamwambia aache maswali.

Nilifikiri itabidi tumburute. Kapteni alipoona mlango wa lori uko wazi aliruka mwenyewe akaingia! Alifikiri tunaenda safari pamoja. Lori likaondoka, yeye amesimama nyuma ananiangalia, mkia unatingika...

Nilienda moja kwa moja mpaka sokoni, mahali Mama Guyo alikuwa amehamia. Nilitembea kama mtu anayeenda kupokea zawadi.

"Nimeondoa mbwa," nikasema. "Rudini."

"Umempeleka wapi?"

"Kipsing."

"Kwa nani?"

Nikaangalia kando.

"Mama Nkatha, nimekuuliza. Kwa nani?"

"Hakuna mtu."

Akaweka kipimo chini.

"Ile siku tulimpata," akasema, "ulimi yake ilikuwa imekauka kama ngozi. Mimi ndio nilimpa maji, kwa ile karai yako ya simiti, kabla nimwage maziwa. Yeye hana makosa. Mbwa ya mbuzi yetu, mbuzi ikikunywa na yeye anakunywa. Mimi nilisema utupe? Nilisema ujenge banda!"

"Lakini shida nimetoa. Nimeitoa, Mama Guyo!"

"Shida umebaki nayo kwa nyumba." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kitu inakutegemea umeiacha na kiu, halafu umeitupa. Mimi niwache maziwa ya watu kwako niende nilale?"

Nikageuka, nikapita katikati ya mitungi yao.

Nilirudi nyumbani nimekasirika na kila mtu. Na Mwalimu kwa kuhama. Na Baba Kinoti na pilipili yake. Na Mama Guyo na sauti yake ya chini. Siku tatu sikula vizuri. Ya nne, nikapanda lori lile lile.

Kipsing nilishukia kwa duka. Nikamuuliza mwenye duka kama ameona mbwa mkubwa wa rangi ya udongo. Mama mmoja aliyekuwa ananunua majani ya chai ndiye alijibu. Alisema huyo mbwa walimwona. Watu walijaribu kumwita mabomani, akakataa kwenda. Alikaa pale pale lori lilipomshusha. Kila lori likija alikimbia kuangalia ni nani anashuka. Akishuka mtu, anamnusa, anarudi kukaa. Jana yake jioni lori moja lilikuja halikusimama, na yeye alikuwa tayari amekimbia barabarani...

Jana yake! Kama ningekuja siku moja mapema, ni mimi ningeshuka!

Walinionyesha mahali. Mtu mwema alikuwa amemvuta kando, akamwekea mawe. Nilikaa pale chini kwa vumbi na kitambaa changu kizuri cha kichwa, mama mzima mwenye plot, nikalia kama niliyefiwa. Watu wa pale walishangaa. Wacha washangae.

Nilikuwa nimebakisha kitu kimoja kigumu. Mwalimu Wanjiru alikuwa akinipigia simu kila mwezi, binti yake akitaka kusalimia mbwa, na kila mwezi nilimwambia anakula vizuri, anakimbia, ananenepa. Nikampigia. Nikamwambia yote: mnyororo, pilipili, kiu, lori. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini hukunipigia nije nimchukue?"

Hata leo natafuta jibu lake. Nafikiri ni kwa sababu kumrudisha mbwa kungekuwa kusema nimeshindwa, na mimi nilikuwa sijawahi kusema hivyo kwa kinywa changu. Yaani mnyama alikufa ili mimi nisiseme neno moja!

Mwalimu alikata simu. Hajawahi kupiga tena, na simlaumu.

Ndugu zangu, dada zangu, wasomaji... mimi sijasoma, lakini hii nimeilipia. Ukitaka kuchukua mbwa au paka au kitu chochote cha kufuga nyumbani, usiangalie kama unamtaka. Kila mtu anataka! Jiangalie wewe. Una mtu wa kumwachia ukifiwa ghafla? Jirani unayekaa naye uwanja mmoja, umeenda kwake ukamuuliza, na akisema hapana utakubali? Uko tayari kumchukua alivyo, ama unamchukua ili watu wa barabarani wakuone? Banda lijenge kabla mbwa hajaingia getini. Kufuga ng'ombe hakukufundishi kufuga mbwa. Ng'ombe anatafuta nyasi na wenzake. Huyu mwingine anakutafuta wewe.

Na ukiona huwezi, sema huwezi. Sema siku ya kwanza, aibu yake ni ya dakika tano. Na kama umeshamchukua na imekushinda, mrudishe kwa mkono wako, kwa mtu unayemjua jina. Nakuomba usimpandishe lori.

Leo niko na miaka ya kutosha na nguvu bado. Niko na plot moja na vyumba vinne, vyote vina wapangaji. Friza moja nauza soda baridi, nyingine nimeizima, naweka unga ndani. Niko na tanki la maji, kuku kumi na wanane, na shamba dogo upande wa Burat linalonipa sukuma wiki na vitunguu. Mama Guyo tukikutana sokoni tunasalimiana, ananiuliza habari za watoto. Maziwa yake yanalala kwa plot ya mtu mwingine. Mbwa sina.